Vali ya Moyo Imeharibika na Huumwi Popote: Upasuaji au Kusubiri?

Habari hii mara nyingi humfikia mtu akiwa mzima kabisa. Amekwenda kupimwa afya kwa ajili ya ajira, au ni mjamzito yuko kliniki. Daktari anamsikiliza kifuani, anarudia kusikiliza mahali palepale, kisha anaandika rufaa ya kipimo cha eko, yaani cha picha ya moyo. Majibu yakitoka, anaambiwa vali moja ya moyo wake imeharibika vibaya. Naye anapanda ngazi, analima, analala vizuri. Kwanza anashtuka, akishatulia anaanza kukitilia shaka kipimo chenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo na ndugu watakaomsindikiza hospitali. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kusubiri kwa uangalizi ni uamuzi halali wa kitabibu, wala si uvivu wa daktari. Lakini usalama wake una masharti mawili: mgonjwa arudi kupimwa kwa tarehe, na upasuaji uwepo siku utakapohitajika. Sharti la pili ndilo tunalolisahau huku kwetu, na nitalirudia mwishoni.

Hatua ya 1: Ijue vali yako kwa jina na kwa kiwango

Moyo una vali nne, na kila moja ni mlango wa kupitisha damu upande mmoja tu. Mlango huharibika kwa namna mbili: usipofunguka vizuri, vali imebana, usipofunga vizuri, vali inavuja. Maamuzi mengi ya upasuaji yanahusu vali mbili za upande wa kushoto. Vali ya aota ndiyo damu hupitia ikitoka moyoni kwenda mwilini, na vali ya mitra iko kati ya chumba cha juu na chumba cha chini.

Kipimo cha eko hakiumi. Unalala ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa, na mpimaji anapaka jeli ya baridi kisha anasogeza kifaa kati ya mbavu. Kwenye skrini damu inaonekana kwa rangi nyekundu na bluu. Panapovuja, rangi zinachanganyika na kurudi nyuma kila moyo unapopiga. Anasimamisha picha, anapima, anaiachia, anasimamisha nyingine. Namba anazoandika hapo ndizo zitakazoamua mambo, kwa hiyo omba nakala ya ripoti yenyewe, usiridhike na maelezo ya mdomo. Ripoti ya mwaka huu ina faida kubwa zaidi ukiwa nayo ya mwaka jana mkononi.

Tafuta kiwango kwanza. Ukiwa na tatizo dogo, hakuna mjadala wa upasuaji. Eko hurudiwa kila baada ya miaka 3 hadi 5. Tatizo la wastani hurudiwa kila mwaka 1 hadi 2. Tatizo kali lisilo na dalili hurudiwa kila miezi 6 hadi 12, na hilo ndilo linalohusika na hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Hakikisha kweli huna dalili

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Vali huharibika taratibu kwa miaka, na mwili hujipunguzia kazi bila mwenyewe kujua. Mama aliyekuwa akibeba ndoo ya maji kutoka bombani hadi nyumbani bila kuitua, leo anaitua mara mbili njiani na kusema ni umri. Baadaye anamtuma mjukuu. Ukimuuliza kama anaishiwa pumzi, atajibu kwa moyo mweupe kwamba haishiwi, maana kazi iliyokuwa ikimmaliza pumzi haifanyi tena.

Kwa hiyo usijiulize kama unaumwa. Jiulize ni kazi gani uliyoifanya mwaka jana ambayo mwaka huu huifanyi, au unaifanya kwa kupumzika. Kisha muulize mtu mnayeishi naye, kwa sababu yeye ndiye aliyekuona ukianza kupanda bodaboda kwa safari ya miguu, au ukiongeza mto wa pili kitandani. Dalili zinazotafutwa ni kuishiwa pumzi, kifua kubana, kizunguzungu au kuzimia hasa ukiwa kazini, moyo kwenda mbio bila mpangilio, na miguu kuvimba.

Shaka ikibaki, omba kupimwa kwenye mashine ya kutembelea, chini ya usimamizi wa daktari. Unatembea huku shinikizo la damu na mapigo vikifuatiliwa, na mwendo unaongezwa. Mtu aliyejiona mzima anaweza kuishiwa pumzi dakika za mwanzo, au shinikizo lake likashuka badala ya kupanda. Hapo anahesabiwa kuwa na tatizo linaloonekana. Mwenye vali ya aota iliyobana na ambaye tayari ana dalili hapaswi kupewa kipimo hiki, kwa sababu ni cha hatari kwake.

Umuhimu wa hatua hii unatokana na jambo lililojulikana zamani. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani John Ross na Eugene Braunwald walieleza mwenendo wa vali ya aota iliyobana: mgonjwa hukaa miaka mingi bila shida, lakini dalili zikianza, asipofanyiwa upasuaji, muda wake ni mfupi. Ulikuwa kama miaka 5 kwa mwenye maumivu ya kifua, 3 kwa aliyeanza kuzimia, 2 kwa ambaye moyo umeanza kushindwa kazi. Kama una vali iliyobana sana na una dalili, huhitaji kuendelea na mwongozo huu. Nenda ukapange upasuaji.

Hatua ya 3: Soma namba zinazovusha mstari

Mtu asiye na dalili bado anaweza kuwa na moyo unaochoka kimyakimya. Namba kuu ni EF, yaani asilimia ya damu ambayo chumba cha chini cha kushoto husukuma kila kinapopiga.

Vali ya aota huitwa imebana sana pale damu inapopita kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde au zaidi, au wastani wa tofauti ya shinikizo ukifika milimita 40 za zebaki. Mara nyingi upenyo wake huwa umebaki sentimita 1 ya mraba au pungufu. Bila dalili, upasuaji unashauriwa EF ikishuka chini ya 50. Unafikiriwa pia kasi ikifika mita 5, au ikiwa inapanda haraka, kwa mfano mita 0.3 kwa mwaka. Umeona sasa kwa nini ripoti ya zamani isitupwe.

Vali ya mitra inayovuja ina mtego wake. EF ya 60 kwa mtu mwingine ni njema kabisa. Kwa mwenye vali inayovuja sana ni kengele, kwa sababu sehemu ya damu hiyo haiendi mwilini bali inarudi nyuma kwa njia rahisi, na moyo unaonekana una nguvu nyingi kuliko ulizonazo. Ndiyo maana mstari umewekwa kwenye EF ya 60 au chini, au chumba cha chini kikibaki na upana wa milimita 40 au zaidi baada ya kujikaza. Usikubali kuambiwa EF yako ni ya kawaida bila kuuliza ni ya kawaida kwa vali ipi.

Kwa vali ya aota inayovuja, mstari ni EF ya 55 au chini, au upana unaozidi milimita 50 baada ya moyo kujikaza. Mwenye umbo dogo aombe kipimo hicho kilinganishwe na ukubwa wa mwili wake, la sivyo atachelewa.

Hatua ya 4: Uliza upasuaji wa mapema utakupa nini

Kama hujavuka mstari wowote, swali linabaki: kwa nini nisubiri niharibikiwe? Kwa vali ya aota iliyobana, tuna majibu bora leo kuliko miaka kumi iliyopita. Utafiti wa RECOVERY wa Korea Kusini, uliotangazwa 2019, uliwagawa kwa kura wagonjwa 145 ambao vali zao zilikuwa zimebana kupita kiasi. Vifo vya upasuaji au vya moyo vilikuwa 1 kati ya 73 waliopasuliwa mapema, na 11 kati ya 72 waliosubiri. Utafiti wa AVATAR wa Ulaya, wa 2021, ulielekea huko pia.

Mwaka 2024 ukaja EARLY TAVR wa Marekani na Kanada, wagonjwa 901 wenye miaka 65 na zaidi, waliogawanywa kati ya kuwekewa vali mapema kupitia mshipa wa paja na kusubiri. Waliosubiri walilazwa ghafla mara nyingi zaidi, na asilimia 87 yao waliishia kuwekewa vali ndani ya muda wa utafiti. Lakini vifo vya pande zote mbili vilikaribiana. Mwaka huohuo utafiti wa EVOLVED wa Uingereza na Australia haukuonyesha tofauti kubwa katika lengo lake kuu.

Ninavyolipima, mzee mwenye vali ya aota iliyobana sana, mwenye afya ya kustahimili upasuaji, ana sababu nzuri ya kutangulia. Lakini tafiti hizo hazikufanywa kwa kijana wa miaka 22 ambaye vali zake ziliharibiwa na homa ya rumatiki, na asihamishiwe majibu hayo.

Kwa mitra inayovuja, kila kitu kinategemea kama vali itarekebishwa au itabadilishwa. Miongozo inaruhusu kumpasua asiye na dalili pale uwezekano wa kurekebisha kwa mafanikio unapozidi asilimia 95 na hatari ya kifo iko chini ya asilimia 1. Muulize daktari mpasuaji mwenyewe amerekebisha ngapi na ngapi aliishia kuzibadilisha. Ni swali la heshima, na daktari mzuri hulijibu.

Hatua ya 5: Pima maisha yatakayofuata vali mpya

Vali ya chuma hudumu, lakini inadai dawa ya wafarini ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, na kipimo cha damu kiitwacho INR mara kwa mara. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki vina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Huachi kuvila, unakula kwa kiasi kisichobadilika wiki hadi wiki. Kama zahanati ya karibu haipimi INR, liseme hilo kabla ya kuchagua vali. Vali ya tishu ya mnyama haidai wafarini ya maisha, ila huchakaa, mara nyingi kati ya miaka 10 na 15, na kwa kijana mapema zaidi.

Kwa mwanamke anayetarajia kuzaa, mazungumzo haya yatangulie mimba. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Na mwenye vali ya mitra iliyobana sana, hata kama hana dalili, anaweza kuzidiwa damu inapoongezeka wakati wa ujauzito. Huyo apimwe na kufikiriwa kupanuliwa vali kwa puto kabla ya kushika mimba.

Hatua ya 6: Linda ulichonacho wakati unasubiri

Kama chanzo ni homa ya rumatiki, iliyoanza na mafindofindo ya utotoni, sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 isikatizwe bila daktari. Utafiti wa GOAL uliofanyika Uganda kwa watoto 818 wenye dalili za awali kwenye eko ulionyesha hivyo waziwazi: baada ya miaka 2, ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano na asilimia 8.2 ya wasiochomwa.

Tibu shinikizo la damu. Piga mswaki na umwone daktari wa meno, kwa sababu bakteria wa kinywani hupenda kujishikiza kwenye vali mbovu. Homa ikikaa siku kadhaa na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, usinunue antibayotiki duka la dawa. Nenda hospitali, waambie una vali mbovu, watoe damu ya kuotesha vijidudu kwanza. Dozi chache za kubahatisha zinaweza kuficha maambukizi yanayoitafuna vali.

Hatua ya 7: Andikeni mpango, na umwambie daktari unakoishi

Kabla hujatoka kliniki, uwe na vitu vitatu kwenye karatasi: tarehe ya eko ijayo, namba itakayobadilisha uamuzi, na dalili zitakazokurudisha kabla ya tarehe.

Kisha lizungumzieni lile sharti la pili. Miongozo ya kusubiri iliandikwa ikimfikiria mgonjwa ambaye akivuka mstari leo, atapasuliwa karibuni. Upasuaji wa vali upo kwetu, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, Hospitali ya Kenyatta Nairobi, Tenwek kule Bomet. Lakini kuna foleni, kuna kibali cha bima, kuna damu ya kuchangiwa na ndugu, kuna nauli. Uliza foleni ni ya miezi mingapi, uiingize kwenye hesabu. Kama namba zako zinausogelea mstari na foleni ni ndefu, omba rufaa sasa. Kuandikishwa hakukulazimishi kupasuliwa.

Mtu wa Kigoma ambaye kila eko inamgharimu safari ya siku nzima na mauzo ya mbuzi asione haya kulitamka hilo mbele ya daktari. Huyo ana sababu ya kitabibu ya kupasuliwa mapema kuliko jirani wa hospitali mwenye ripoti inayofanana na yake namba kwa namba.