Mwenzako Ameanguka Wala Haitiki: Fanya Hivi



Somo letu la leo ni juu ya mtu mzima aliyeanguka ghafula, ambaye ukimwita haitiki. Si somo la waganga peke yao. Moyo ukisimama, damu haifiki tena kwenye ubongo, na baada ya dakika 4 hadi 6 hivi ubongo unaanza kuharibika. Hapa Mboko, hata gari likiwa tayari, dakika hizo hazitoshi kumfikisha mgonjwa Uvira wala Baraka. Kwa hiyo mwokozi wa kwanza ni yule aliye karibu: mwenzake wa shimoni, mvuvi wa mtumbwi uleule, mke, mume au mtoto mkubwa.

Msiogope kwamba hamna vyombo. Mwaka 1960, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, watu wa Baltimore nchini Marekani, waliandika kwamba kifua kikikandamizwa kwa mikono, damu inatembea mwilini ingawa moyo wenyewe umesimama. Na huyo Kouwenhoven hakuwa daktari. Alikuwa mhandisi wa umeme. Mikono miwili inatosha kuanza.

HATUA ZA KUFUATA

1. Angalia hatari kwanza. Je, kuna hewa mbaya, waya wa umeme, udongo unaoporomoka, maji ya kina? Mwokozi akianguka naye, watakuwa wawili wa kuokolewa.

2. Mwite kwa sauti, mtikise mabega. Asipojibu, piga kelele watu waje. Mmoja apige simu na kutafuta gari. Wewe usimwache mgonjwa.

3. Mlaze chali mahali pagumu, si kitandani. Inamisha kichwa chake nyuma kidogo, inua kidevu, ili ulimi usizibe koo. Weka shavu lako karibu na mdomo wake na tazama kifua kwa sekunde 10, si zaidi. Akivuta pumzi moja-moja kwa kushtuka, kama samaki aliyetolewa majini, usidanganyike: hiyo si pumzi. Mhesabu kuwa hapumui.

4. Kandamiza kifua. Piga magoti kando yake. Weka kisigino cha mkono mmoja katikati ya kifua, juu ya mfupa, na mkono wa pili juu yake. Nyoosha viwiko, sukuma kwa uzito wa mwili wako. Kifua kishuke sentimita 5 hivi, kisha kiache kipande chote kabla ya kusukuma tena. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Hesabu kwa sauti mpaka 30.

5. Mpe pumzi 2. Inamisha tena kichwa chake, ziba pua yake kwa vidole, funika mdomo wake kwa mdomo wako, puliza kwa sekunde moja mpaka uone kifua kinapanda. Rudia mara ya pili. Kisha kandamiza tena 30. Kama huwezi kupuliza, au unaogopa ugonjwa wa mate na damu, kama tulivyoiona Ebola ikifika Mwenga mwaka 2019, kandamiza tu bila kusimama. Hiyo ni bora kuliko kukaa bure.

6. Pokezaneni kila dakika 2, maana kazi hii inachosha na mtu aliyechoka hasukumi vema. Msiache mpaka mgonjwa aanze kupumua, au muganga afike, au nguvu ziwaishie kabisa.

Kama mtu haitiki lakini anapumua vizuri, usikandamize kifua. Mgeuze alale ubavu, kichwa kimeinama nyuma kidogo, mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke nje. Kaa naye, tazama pumzi yake kila mara. Aliyeanguka kutoka juu au kuangukiwa na udongo ageuzwe na watu kadhaa kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja.

SHIMONI

Ndugu zetu wa Goma na Sake wanaijua mazuku: hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kulala mabondeni. Haina rangi, na imekwisha kuua watu na wanyama. Hewa ya namna hiyo inaweza kujikusanya hata ndani ya shimo refu lisilopitisha upepo. Tena mashine ya kuvuta maji ikiwashwa chini shimoni inatoa moshi wenye sumu ambayo pua haiisikii. Mwenzako akianguka chini bila sababu inayoonekana, usimfuate. Mara nyingi anayeshuka wa pili anakufa juu ya yule wa kwanza, na wa tatu vilevile. Mwite kapita, zimeni mashine, ingizeni hewa safi, na ashuke tu mtu mwenye kifaa cha kupumulia na kamba mwilini. Akitolewa nje, anzeni hatua ya 2.

ZIWANI

Aliyezama Tanganika amekosa hewa kwanza, na moyo unafuata. Basi kama hapumui, anza na pumzi 5, kisha endelea na 30 kwa 2. Usimning'inize miguu juu, wala usimbonyeze tumbo ili maji yatoke. Kufanya hivyo kunapoteza wakati na kuleta matapishi kooni.

RADI

Wataalamu waliohesabu radi za dunia kwa setilaiti waliandika mwaka 2016 kwamba Kabare, hapa kwetu Kivu ya Kusini, ni mahali pa pili duniani kwa wingi wa radi. Watu wengi wanaogopa kumgusa aliyepigwa, wakidhani moto bado umo mwilini mwake au kwamba ametupiwa na adui. Mwili wake hauna umeme. Mguse bila hofu, lakini mwondoe chini ya mti kama radi bado inapiga. Wakiwa wengi wamepigwa, anza na wale wanaoonekana wamekufa. Anayelia anapumua, aliyenyamaza ndiye anayehitaji mikono yako, maana mara nyingi moyo wake unarudi kupiga wenyewe lakini pumzi inachelewa.

Hatuwadanganyi kwamba kila mtu atarudi. Moyo uliosimama kwa ugonjwa wake wenyewe mara nyingi unahitaji mashine ya umeme, nayo haipatikani kila mahali. Lakini aliyesimama kwa maji, kwa hewa mbaya au kwa radi anaweza kurudi kwa pumzi na mikono tu, kama hamkukawia.

TUACHE DESTURI HIZI

Usimmwagie maji usoni asiyepumua. Usimpe kinywaji, dawa wala sukari mtu asiyeitika, vitaingia mapafuni. Usimtie kijiko mdomoni mwenye kifafa. Ondoa vitu vigumu karibu naye, ngoja atulie, kisha mlaze ubavu. Usimbebe asiyepumua mgongoni au kwenye pikipiki kabla ya kumsaidia, kwa kuwa njiani hakuna anayekandamiza kifua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mtu haitiki, anavuta pumzi moja-moja kwa kushtuka. Je, anapumua?
2. Unakandamiza mara ngapi kabla ya kutoa pumzi 2?
3. Rafiki yako ameanguka chini ya shimo. Jambo la kwanza ni nini?
4. Aliyezama anaanziwa na nini?

Majibu: 1. Hapana, anza kukandamiza. 2. Mara 30. 3. Kutoshuka, na kumwita kapita. 4. Pumzi 5.

Jioni hii funga gunia la maharage, liweke chini, na wote wa nyumbani wajaribu kusukuma na kuhesabu mpaka 30. Msijizoeze juu ya kifua cha mtu mzima wa afya, kwani inaweza kumdhuru. Mwenye swali aje kwenye kituo cha afya cha kampuni. Tutamwonyesha kwa mikono.

Muganga msaidizi wa kampuni