Saikolojia: Tuchunguze Kabla ya Kulaumu

Habari ya wasichana kuanguka na kupiga kelele shuleni inapofika nyumbani, mara nyingi swali la kwanza ni hili: "Nani amewaroga?" Upesi atatajwa bibi kizee anayeishi jirani na shule, na macho yake mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni, yatafanywa ushahidi. Hapa Gairo nasi tuna mabinti shuleni, na tuna bibi zetu. Kwa hiyo mwezi huu tujifunze jinsi elimu ya saikolojia inavyotafuta ukweli.

1. Saikolojia ni nini?

Ni elimu inayochunguza akili, hisia na mwenendo wa mtu. Wahenga wa kila taifa waliyafikiri mambo hayo. Lakini mwaka 1879 Wilhelm Wundt alianzisha maabara ya saikolojia mjini Leipzig, Ujerumani, na tangu hapo mkazo umewekwa katika kupima: wazo lisikubaliwe kwa sababu tu limesemwa na mkubwa.

2. Mfano wa Kashasha

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, upande wa Bukoba, wanafunzi watatu walishikwa na kicheko na kilio wasichoweza kukizuia. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Baadhi walirudi kwao Nshamba, na huko watu 217 wakapatwa. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walichunguza, wakatoa taarifa mwaka 1963. Tuone njia zilizotumika:

(a) Kuangalia na kuhesabu: nani amepatwa, lini, kwa muda gani. Wengine walipatwa kwa saa chache, wengine kwa siku kadhaa. Hakuna aliyekufa.

(b) Kuulizia: ilionekana kwamba wagonjwa walikuwa wamekutana karibuni na mtu mwingine mwenye hali hiyo.

(c) Kupima: damu ilipelekwa maabara, lakini haikuonekana sumu wala kijidudu.

(d) Kulinganisha: walimu wa shule ile hawakupatwa.

Madaktari waliona kwamba chanzo kilikuwa katika nafsi, si katika damu. Wasiwasi ulienea kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Hii haina maana kwamba wasichana walijifanya. Waliteseka kweli.

3. Jaribio

Kuangalia peke yake hakutoshi kila mara. Bibi akipita na msichana akaanguka, mambo mawili yamefuatana. Haijathibitika kwamba la kwanza limeleta la pili. Ili kujua sababu, wataalamu hufanya jaribio. Majirani zetu wa Kongwa waliwahi kushiriki jaribio juu ya vikope, ugonjwa wa macho unaoleta upofu. Vijiji 6 viligawanywa kwa kura. Vyote vilipewa dawa ya macho, lakini 3 kati yake vilifundishwa pia kuwanawisha watoto uso. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba vikope vikali vilipungua zaidi kwa watoto wa vijiji vilivyofundishwa. Kwa kuwa vijiji vilichaguliwa kwa kura, tofauti hiyo ina uzito.

Hata hivyo, si kila jambo lifanyiwe jaribio. Hairuhusiwi kumtia mtoto hofu ili tuone ataanguka au la. Na anayechunguzwa lazima aelezwe na akubali. Kwa mtoto, mzazi pia akubali.

4. Tufanye nini?

– Mtoto aliyepatwa atolewe penye kundi, akae mahali patulivu na mtu anayemwamini.
– Apelekwe zahanati. Malaria, kifafa au njaa vyaweza kuwa chanzo.
– Aulizwe faraghani, kwa upole: mitihani? adhabu? msiba? kuna anayemsumbua? Tusimtilie majibu mdomoni.
– Walimu waandike tarehe, saa na waliokuwepo.
– Asitajwe mtu yeyote kuwa mchawi.

Ndugu wazazi, mtoto akipatwa na hofu, huweza kutulia baada ya siku chache akitunzwa vizuri. Lakini bibi aliyepigwa au kuchomewa nyumba kwa uvumi, nani atamrudishia uhai wake? Basi tuulize kwanza, tuhesabu, tupime, ndipo tuseme.