Lami, Nta na Mvuke: Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Kemia Kangemi

Tangu mafuta yagunduliwe katika kisima cha Ngamia-1, Turkana, Machi 2012, wanafunzi wangu hawaishi kuuliza mbona hatuyasafishi wenyewe. Mmoja alisikia kwamba mvuke na vichocheo hugeuza mafuta mazito kuwa mepesi, akataka kujua Kenya inangoja nini. Swali lake lilinipeleka jioni nyingi hadi maktaba ya McMillan, Mtaa wa Banda, katikati ya jiji. Haya ndiyo niliyotoka nayo.

1. Anza na lami.

Mafundi wanapoziba mashimo kwenye barabara zinazoshuka kutoka Waiyaki Way, huwasha kuni chini ya pipa la lami. Lami ikiwa moto humiminika bila taabu. Ndoo ikiwekwa kando kidogo tu, lami huanza kuvuta nyuzi, kisha inagoma kabisa. "Mwalimu, hii haitaki hadithi," fundi mmoja aliniambia, asigeuke hata kunitazama. Lami ndiyo sehemu nzito zaidi ya mafuta ghafi, na moto ule haukubadilisha kitu ndani yake. Molekuli zake ni zilezile, kubwa na zilizoshikamana. Zikipoa, hurudi zilivyokuwa.

2. Mvuke una kazi mbili, na ya pili ndiyo watu huisahau.

Kazi ya kwanza ni kuyapasha mafuta mazito joto ili yatiririke, kama lami ya fundi. Huko Mene Grande, Venezuela, mwaka 1959, kampuni ya Shell iligundua kwa bahati tu kwamba kisima kilichoingizwa mvuke hutoa mafuta kwa wingi kinapofunguliwa.

Kazi ya pili ni ya kikemia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Kanada wakiongozwa na J. B. Hyne walionyesha kwamba kwenye nyuzi 200 hadi 300 hivi za Selsiasi, maji yenyewe huingia katika mmenyuko. Vifungo kati ya kaboni na salfa, ambavyo ni dhaifu, hukatika. Monoksidi ya kaboni inayotokea humenyuka na maji na kutoa hidrojeni, nayo hidrojeni huziba ncha zilizokatika zisije zikaungana tena. Metali kama chuma, nikeli na molibdeni, ndizo vichocheo, huharakisha kazi hiyo. Mafuta yakipoa safari hii hayarudi yalivyokuwa. Sehemu ya salfa hutoka kama gesi yenye harufu ya mayai viza, na gesi hiyo huua.

3. Kichocheo huchoka.

Kitabuni tunaandika kwamba hakiishi katika mmenyuko. Kiwandani hufunikwa na masizi ya kaboni, na nikeli na vanadiamu zilizomo katika mafuta mazito hukitia sumu. Lazima kisafishwe au kinunuliwe kingine.

4. Mafuta ya Turkana hayana ugonjwa wa uzito.

Hapa ndipo swali la mwanafunzi wangu lilipogeuka. Mafuta yetu si mazito. Ni mepesi kiasi na salfa yake ni kidogo, ila yamejaa nta, yaani minyororo mirefu iliyonyooka ambayo hujipanga na kuganda baridi ikiingia. Asubuhi za Julai hapa Kangemi mafuta ya nazi huganda chupani, na hakuna anayetafuta kichocheo: chupa huanikwa juani. Kuyavunja mafuta ya Turkana kwa mvuke ili tu yatiririke ni kupoteza pesa. Yanachotaka ni kubaki na joto njia nzima. Ndiyo maana malori yaliyoanza kuyabeba mwaka 2018, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Lokichar huko Turkana hadi Changamwe, yalikuwa na matangi ya kuhifadhi joto. Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa yapata 240,000, iliuzwa ng'ambo. Mafuta ya Uganda nayo yana nta, na bomba lake la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa lipashwe joto la nyuzi 50 hivi.

5. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kingefaidika zaidi na vichocheo.

Kilijengwa miaka ya 1960, kikaacha kusafisha mafuta Septemba 2013. Hakikuwa na mtambo wa kuvunjavunja masalio mazito, kwa hiyo kilitoa mafuta ya tanuri kwa wingi huku soko likilia petroli na dizeli. Kwa maoni yangu, hapo ndipo vichocheo vilipohitajika, si Lokichar.

6. Uliza maji.

Katika visima vya mvuke vya Alberta, Kanada, pipa moja la mafuta huhitaji mapipa 2 hadi 4 ya maji yaliyogeuzwa mvuke, ingawa sehemu kubwa husafishwa na kurudishwa kwenye boila. Nilipoziandika tarakimu hizo ubaoni, yule mwanafunzi aliuliza maji hayo yangetoka wapi Turkana. Nilimwonyesha ramani. Hata maji ya kusukumia mafuta chini ya ardhi, bila mvuke wowote, yalipangwa kuvutwa kwa bomba kutoka bwawa la Turkwel.