Dondoo muhimu: Springi za nyuma za pikapu ya zamani

Uchaguzi wa springi za nyuma huanza na mzigo. Pikapu inayoshusha kahawa kutoka kata ya Ruanda kwenda Mbinga mjini, ikipakia magunia 14 ya kilo 60, tayari ina kilo 840 mgongoni. Kazi hiyo ni ya springi za majani, kama zile za Land Rover 109: hubeba uzito na papo hapo huishika ekseli mahali pake. Springi za koili, zilizowekwa kwenye Land Rover 110 mwaka 1983, hulainisha safari, lakini peke yazo haziwezi kuishika ekseli. Huhitaji vyuma vya kuiongoza, ambavyo vishikio vyake vimechomelewa imara kwenye chesisi. Uchomeleaji hafifu hapo ni hatari kubwa kwenye miteremko ya kuelekea Mbamba Bay.

Kurundika majani mengi hulifanya gari tupu lirukeruke na kupoteza mshiko kwenye utelezi wa masika. Heri jani la msaada, linaloanza kazi mzigo unapokaa. Yu-bolti zinazobana springi kwenye ekseli zikifunguliwa hubadilishwa, na mpya hukazwa tena baada ya safari za mwanzo. Gari likiinuliwa na springi mpya, pembe ya propela shafti na urefu wa shokapu hupimwa upya.