Kutengeneza Uwanja wa Ukoka Penye Mawe

Katika somo la mwezi huu twataka kusema juu ya viwanja vyetu, yaani mahali palipo mbele ya nyumba, ya shule na ya kanisa. Apitaye Milanzi, karibu na mji wa Sumbawanga, mvua zikiisha, ataona uwanja uliofagiliwa vizuri kila asubuhi, wala hauna jani hata moja. Watu huuita usafi. Lakini na atazame chini ya upenu: maji ya paa yamechimba mfereji, na mawe ya msingi ambayo fundi aliyafukia yaonekana nje. Wako wasemao ya kuwa mawe huota ardhini kama viazi. Sivyo. Mawe yamekaa pale pale. Udongo ndio uliokwenda zake bondeni, kidogo kidogo, kila mvua. Mwenye nyumba akiendelea kufagia na mvua zikiendelea kunyesha, mwisho ukuta utapata ufa.

Dawa yake ni majani yenye kushika udongo, na kwetu yafaayo kupita yote ni ukoka, kwani hutambaa, hutia mizizi katika kila pingili, na huvumilia kukanyagwa na watoto. Walakini ukoka hautaki kupandwa juu ya mawe matupu. Sisi wenyewe tulikosea hapo. Tulileta udongo mweusi, tukaumwaga juu ya changarawe unene wa vidole vitatu tu, tukapanda mwezi wa Desemba, na mwezi wa Februari uwanja ulikuwa kijani hata wageni wakatusifu. Mwezi wa Julai ulikuwa na madoa ya manjano, na tulipochimba penye kila doa tulikuta jiwe pana kama sinia. Wenye kusoma Injili wanaujua mfano wa mbegu zilizoanguka penye miamba, zikaota upesi, kisha zikaungua kwa jua. Mkulima aweza kuusoma mfano ule kama habari za shamba hasa: pasipo kina hapana mizizi, na kule kuota upesi si dalili njema.

Basi kosa letu halikuwa katika kupanda, bali katika kufanya haraka. Uwanja wenye mawe hutengenezwa katika mvua za mwaka mmoja, na kupandwa katika mvua za mwaka wa pili. Neno hili huwachosha wengi, lakini Wafipa walilijua zamani sana katika kilimo chao cha matuta ya mviringo, yaitwayo ntumba. Nchi ya juu ya Ufipa ina majani mengi na miti michache, na udongo wake mahali pengi ni mwepisi, usio na nguvu. Kwa hiyo mvua zikikaribia kwisha, ardhi ingali laini, mkulima hukata majani pamoja na udongo wake, akageuza mabonge juu chini, akayapanga kuwa kilima kidogo, majani yakiwa ndani. Juu yake hupandwa maharagwe. Majani huoza humo, na mvua zijazo zinapoanza hubomoa ntumba, akautawanya udongo ule ulionona, akapanda ulezi. Msomi Mwingereza Roy Willis, aliyeandika habari za Ufipa katika kitabu chake cha mwaka 1981, alieleza kilimo hiki kwa heshima. Nasi twaona kwamba chafaa uwanjani kama kifaavyo shambani.

Fanyeni hivi. Mwezi wa Februari au Machi, ardhi ikiwa imelowa, pigeni uwanja kwa sururu kwenda chini shubiri moja, na penye jiwe kubwa tumieni mtaimbo. Kila jiwe linalopita ngumi ya mtu mzima litolewe. Yaliyo madogo kuliko ngumi yaacheni, wala msiuchekeche udongo kama unga. Vijiwe vidogo vikichanganyika na udongo husaidia maji kupenya, tena kazi ya kuviokota haina mwisho. Jiwe lililo kubwa mno lisilong'oka, msishindane nalo mchana kutwa. Ama liacheni lionekane, watu wakalie, ama lifukieni kwa shubiri nzima ya udongo. Kulifunika nusu nusu ndiko kuletako yale madoa ya manjano.

Ndago nazo zing'olewe sasa pamoja na vijifundo vyake vya chini, maana baada ya ukoka kutanda hamtazipata tena. Kisha udongo ulioachwa, pamoja na majani yaliyokatwa na samadi ya ng'ombe iliyooza, ukusanyeni kuwa ntumba, mkapande maharagwe. Hivyo hata mwaka ule wa kungoja una chakula chake. Samadi mbichi msitie, kwa kuwa huunguza mizizi na kuleta magugu.

Wakati wa kiangazi, tangu Mei hata Oktoba, kuna kazi ya mawe yenyewe. Yale makubwa yajengeni kuwa ukingo upande wa chini wa uwanja, ili kuzuia udongo. Yale ya kadiri yajazeni katika mtaro chini ya upenu, upana wa shubiri mbili, ili maji ya paa yaangukie mawe, yasiangukie udongo. Twaliona jambo hili kuwa jema sana, kwamba kilichotusumbua ndicho kilichookoa msingi.

Mvua za kwanza zikinyesha mwezi wa Novemba, bomoeni matuta na kuutawanya udongo. Fungeni kamba kwenye vigingi, mkaache uwanja uteremke kutoka ukutani sentimeta 2 kwa kila meta moja. Mteremko huo jicho halioni, lakini maji huujua. Msipande siku ile ile. Ngojeni mvua mbili tatu zishindilie udongo, mjaze mahali palipobonyea, mpitishe reki. Udongo mwema juu ya mawe usipungue sentimeta 15.

Ndipo mkate vipande vya ukoka vyenye pingili tatu au nne, mkavipande katika mistari iliyoachana shubiri moja, pingili mbili zikiwa chini ya udongo na ncha ikiwa nje. Mistari ikingame na mteremko, isiufuate, la sivyo mtakuwa mmechora njia za maji. Watoto wazuiwe mpaka mistari imekutana. Na katika kufyeka mara ya kwanza acheni urefu wa vidole vitatu, kwani ukoka uliokatwa mpaka chini hufa katika kiangazi chake cha kwanza.

Jirani yenu mwenye shamba atalalamika, naye ana haki, maana ukoka uupendezao uwanja ni adui katika mahindi. Penye mpaka simamisheni mawe bapa, yameingia ardhini shubiri moja na kushikana bila nafasi, na kila mwaka kabla ya mvua pitieni ukingo huo kwa jembe, mkate kila mkono uliovuka.