SOMO LA KIKUNDI: KUTOKA MBEGU YA KAKAO HADI CHOKOLETI



Bundibugyo, magharibi ya Uganda, na Kyela, kusini ya Tanzania, wapo wenzetu wanaochuma kakao mwaka hadi mwaka bila kuwahi kuiona ikigeuzwa chokoleti. Somo hili ni la kikundi cha watu 8 hadi 12. Halitatufanya wenye kiwanda kwa siku moja. Shabaha yake ni mfanyakazi aijue kwa mikono yake kazi inayofanywa baada ya gunia kuondoka shambani, ili anapojadili bei au mshahara asiseme kwa kubahatisha.

1. Kazi ya shambani

Ladha ya chokoleti huanzia shambani. Mbegu mbichi, pamoja na utando wake mweupe, hufunikwa kwa majani ya migomba au hutiwa katika sanduku la mbao kwa siku 5 hadi 7, huku zikigeuzwa. Joto hupanda lenyewe hadi karibu nyuzi 50. Kisha huanikwa juani mpaka unyevu ubaki kama asilimia 7. Mbegu isiyovundikwa haipati ladha ya chokoleti, hata ipelekwe kwenye mashine ya namna gani. Basi anayeuza mbegu mbichi humwachia mnunuzi kazi hii pamoja na malipo yake.

2. Kazi ya darasani

Tugawane zamu: wa kukaanga, wa kupepeta, wa kusaga, wa kupima na wa kuandika. Tuanze na kilo 1 ya mbegu kavu.

(a) Kukaanga kwa joto la nyuzi 120 hadi 140, kama nusu saa.
(b) Kuponda na kupepeta kwa ungo ili maganda yatoke.
(c) Kusaga. Karibu nusu ya kiini ni mafuta, ndiyo maana unga hugeuka uji bila kutiwa maji. Kinu chatosha kwa kujifunza, ila chokoleti itakuwa na chenga. Kiwandani husagwa saa nyingi.
(d) Kutia sukari kavu. Vyombo viwe vikavu kabisa, kwani matone machache ya maji huifanya chokoleti iwe madonge.
(e) Kuyeyusha hadi nyuzi 45, kupooza hadi 28 huku tukikoroga, kisha kupasha tena hadi 31 au 32 na kumimina katika vibati. Tukiruka hatua hii, chokoleti hutoka na madoa meupe na haikatiki vizuri.

Tahadhari: mashine ya kusagia izimwe na waya uchomolewe kabla ya mtu kutia mkono. Anayekaanga avae glavu, na anayepepeta afunike pua kwa kitambaa.

3. Hesabu

Maganda na unyevu vikishatoka, kilo 1 ya mbegu hubakiza kiini cha gramu 700 na zaidi kidogo. Gramu 700 za kiini na 300 za sukari ni kilo 1 ya chokoleti, yaani vipande 10 vya gramu 100. Mwandishi aandike ubaoni bei ya kilo 1 ya mbegu kijijini, na chini yake bei ya vipande 10 dukani.

Tusikimbilie kusema tofauti yote ni faida. Tuondoe sukari, umeme, karatasi za kufungia, usafiri, uchakavu wa mashine, mishahara na sehemu ya mwenye duka. Kinachobaki ndicho cha kujadiliwa.

4. Mfano wa historia

Mwaka 1937 makampuni ya kununua kakao ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, yalipatana bei baina yao. Wakulima wakagoma kuuza mpaka 1938, na serikali ya Uingereza ikalazimika kuunda tume ya uchunguzi. Nguvu yao ilikuwa umoja. Asiyeuza peke yake hulala njaa. Wasiouza kwa pamoja husikilizwa.

Maswali ya kikundi

1. Katika hatua zote hizi, zipi tunaweza kuzifanya hapa kwetu kwa vyombo tulivyo navyo?
2. Nani huamua daraja la mbegu zetu, na je, tunaruhusiwa kuona zikipimwa?
3. Anayevundika na kuanika hulipwa kwa siku, kwa kilo au kwa ubora? Lipi lingekuwa la haki?

Katibu wa kikundi aandike majibu na kuyafikisha katika mkutano wa tawi.