"Mwanamke Wewe!": Tusi Tusilolihesabu Kuwa Tusi

Masomo: Waamuzi 9:50–57, 2 Samweli 11:18–21, Mathayo 5:21–22, Yakobo 3:5–10



Katika somo la mwezi huu twataka kulitazama tusi moja ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa tusi. Mtoto wa kiume akianguka akalia, huambiwa, "Nyamaza, unalia kama mtoto wa kike?" Mchezaji akikosa bao uwanjani, watazamaji humpigia kelele, "Kavae gauni!" Mvuvi akiliona wingu jeusi juu ya ziwa akasema leo hatoki, wenzake humcheka, "Mwanamke wewe!" Bwana akionekana anafua nguo za mkewe aliyejifungua, majirani husema amekaliwa, au amelishwa limbwata. Wala si wanaume peke yao wasemao hivyo. Akina mama nao huwaambia hivyo watoto wao, na pengine waume zao.

Sisi tuliofundisha madarasani kwa miaka mingi twayajua sana maneno haya, na twajua kwamba mtoto huyasikia kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo yafaa tuulize: neno hili lasema nini hasa, nalo lafanya nini kwa wanaolisikia?

1. Abimeleki na jiwe la kusagia

Abimeleki mwana wa Gideoni aliutaka ufalme hata akawaua ndugu zake sabini. Mwishowe aliuzingira mji wa Thebesi, na watu wakakimbilia juu ya mnara. Alipoukaribia mlango ili auchome moto, mwanamke mmoja akamtupia jiwe la kusagia, likampasua kichwa. Biblia haikulitaja jina la mama huyo. Silaha yake ilikuwa chombo cha jikoni, kile ambacho bibi zetu walisagia mtama na ulezi.

Sasa angalieni Abimeleki alivyofanya. Alikuwa na pumzi chache tu zilizobaki. Hakuwataja ndugu zake, wala hakutubu. Alimwita kijana aliyemchukulia silaha, akamwamuru amchome upanga, ili watu wasije wakasema kwamba aliuawa na mwanamke. Kifo hakikumtisha kama lilivyomtisha neno hilo moja.

Je, alifaulu? Someni 2 Samweli 11. Miaka mingi baadaye, Yoabu anapomkumbuka Abimeleki katika ujumbe wake kwa Daudi, analolikumbuka ni hilo hilo: kwamba mwanamke alimtupia jiwe akafa. Aliipoteza hata ile pumzi ya mwisho kwa ajili ya kuficha jambo lisilofichika, nalo halikuwa aibu tangu mwanzo. Aibu yake ilikuwa damu ya ndugu zake.

2. Mama wa Nairobi, mwaka 1922

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi, kwa jirani zetu wa Kenya. Mwezi Machi mwaka 1922 serikali ya kikoloni ilimkamata Harry Thuku, aliyekuwa akipinga kipande, kodi nzito, na kazi za kulazimishwa ambazo hata wanawake na wasichana walifanyizwa. Tarehe 16 Machi maelfu ya watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi mjini Nairobi kudai aachiliwe. Wajumbe waliokwenda kuonana na wakubwa wa serikali walirudi wakiwasihi watu watawanyike, na baadhi ya wanaume wakaanza kuondoka.

Ndipo mama mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alipojitokeza, akainua gauni lake na kuwaambia wanaume walichukue walivae wao, nao wampe yeye suruali zao. Umati ukageuka, ukasonga mbele kuelekea bunduki za askari. Askari wakafyatua risasi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe walikufa watu 21, na wengine husema walikuwa wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Hatumhukumu mama yule shujaa. Alitumia neno alilojua kwamba litawachoma, na likawachoma kweli. Lakini tuitazame picha yenyewe. Aliyesema kwamba waoga ni wanawake alikuwa mwanamke, naye ndiye aliyesimama mbele ya bunduki. Maneno yake yalisema jambo moja, na miguu yake ikasema jingine. Miguu ndiyo iliyosema kweli: ushujaa haumo katika suruali, wala woga haumo katika gauni.

3. Tusi hili lasema uongo

Tukimwambia mwanamume mwoga au mvivu kwamba ni mwanamke, twadai kwamba mwanamke ndiye kipimo cha woga na uvivu. Je, ni kweli? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitamka wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Nendeni Mwaloni Kirumba alfajiri mkawaone akina mama na ndoo zao za dagaa. Hapa hapa Pasiansi, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1966 kufundisha askari wa wanyamapori, wasichana nao hufunzwa kazi hiyo ya hatari. Na kuhusu kustahimili maumivu, wahenga walikwisha sema: uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Huenda mtu akauliza: mbona nabii Nahumu (3:13) aliwaambia watu wa Ninawi kwamba wamekuwa wanawake? Ni kweli, manabii walitumia usemi wa vita wa siku zao. Lakini hawakuuweka uwe mafundisho ya kulelea watoto. Maandiko hayo hayo yanamfananisha Mungu na mama amfarijiye mwanawe (Isaya 66:13). Bwana wetu alijifananisha na kuku akusanyaye vifaranga vyake (Luka 13:34), naye alilia machozi mbele ya watu kaburini kwa Lazaro. Paulo alisema anaona utungu kwa ajili ya Wagalatia (4:19). Kama uanamke ungekuwa aibu, wasingejifananisha nao.

4. Madhara yake

(a) Kwa mtoto wa kiume. Mtoto aliyekatazwa kulia haachi kuumia; huacha kusema tu. Akionewa njiani, au akitendewa jambo chafu na mtu mzima, atalificha, kwa kuwa amefundishwa kwamba mwanamume halalamiki. Hivyo twamnyima ulinzi kwa mikono yetu wenyewe.

(b) Kwa mtoto wa kike. Yeye hakutukanwa, alikuwa amekaa kando tu akichambua mchele. Lakini amesikia kwamba jambo baya kuliko yote linaloweza kumpata kaka yake ni kufanana naye. Neno moja limewaumiza wawili.

(c) Kwa nyumba. Bwana anayeogopa kuambiwa amekaliwa huacha kuteka maji, huacha kumsindikiza mkewe kliniki, na wengine hufika hata kumpiga mke ili waonekane wanaume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mume au mke kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Lakini sheria hiyo yashindwa nguvu pale kijiweni panapomcheka asiyepiga.

(d) Kwa afya na uhai. Mwaka 2018 serikali yetu ilianzisha kampeni ya "Furaha Yangu" ya kuhimiza watu kupima virusi vya Ukimwi, nayo iliwalenga hasa wanaume, kwa kuwa walikuwa nyuma katika kupima. Shirika la Afya Duniani nalo laeleza kwamba, kwa dunia nzima, wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Sababu za mambo haya ni nyingi. Lakini mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba kuomba msaada ni uanamke, atakwenda kwa nani siku mzigo unapomzidi? Na yule mvuvi aliyeliona wingu, akachekwa, akasukuma mtumbwi ili asiitwe mwanamke, hana tofauti na Abimeleki: ameliogopa neno kuliko kifo.

5. Tufanye nini?

Kwanza, tuseme kosa kwa jina lake. Kijana akiwa mvivu, tumwambie ni mvivu. Akiwa mwoga, tumtie moyo. Hakuna haja ya kumwingiza mama yake katika kosa hilo.

Pili, mtoto akilia, tumuulize kwanza kinachomliza, kabla ya kumwambia anyamaze.

Tatu, wazee wa kanisa na viongozi wa vijana wasiliache neno hili lipite kama mzaha. Si lazima kugombana. Swali moja la upole latosha: "Kwani mama yako ana ubaya gani?" Tumeona mara nyingi darasani jinsi swali hilo linavyonyamazisha kicheko.

Nne, wanaume wafanyao kazi za nyumbani wazifanye mchana, watoto wao wakiona. Bwana wetu aliwaosha wanafunzi wake miguu, kazi ya watumishi, wala hakufunga mlango kwa kuona haya. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Yakobo asema kwamba ulimi ni kiungo kidogo, nao huwasha moto mkubwa. Bwana wetu naye alilihesabu neno la dharau kwa ndugu pamoja na kuua. Tuwe waangalifu, basi, na neno hili tunalolitamka kwa kucheka.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika lugha za nyumbani kwetu, yako maneno gani yanayomdharau mwanamume kwa kumwita mwanamke? Yalisemwa lini, na kwa nani?
2. Kwa nini Abimeleki aliliogopa neno kuliko kifo? Je, wako Abimeleki katika mtaa wetu?
3. Ni kazi gani ambayo wanaume wa nyumba yenu huacha kuifanya kwa kuogopa kuchekwa? Nani ataanza kuifanya juma hili?